Mchanga Ndani ya Amplifaya ya Bi Mgeni

Nasra mwanangu,

Salamu tutapeana kwa mdomo utakaporudi, kwa hivyo hapa naingia moja kwa moja kwenye shughuli. Alasiri imeshapita. Wewe umekwenda Makunduchi kuwaaga shangazi zako, baba yako yuko barazani, na mimi nimekaa karakanani kwangu, nimesogeza pembeni vyuma vya watu nipate pahala pa kuweka karatasi. Kesho saa moja asubuhi unapanda boti, halafu basi mpaka Mbeya, chuoni, kusomea uhandisi wa elektroniki. Sikuandikii habari za kula, kuvaa sweta wala watu wa kuepukana nao. Shangazi zako wanakwambia hayo saa hizi, na wanayajua kuliko mimi.

Ninalotaka kukuandikia ni ule ugomvi wetu. Tangu Ramadhani hujakanyaga humu ndani, kwa sababu mimi ndiye niliyekufukuza, na nikakwambia huna radhi zangu. Tunakula sinia moja, tunapeana pilipili, tunamcheka baba yako pamoja, lakini habari ya sauti na mashine hatuigusi, na neno lile hatulitaji. Sitaki upande boti tukiwa hivi. Nnakujua wewe, utakwenda nalo mpaka Mbeya na hutamwambia mtu. Mara tatu nimejaribu kuzungumza nawe uso kwa uso, na mara zote nikaishia kukuuliza kama umeshakula. "Nshakula, mama," unanijibu, na mimi nageuza njia narudi jikoni. Basi nimeona niandike.

Unajua nilivyoingia kwenye kazi hii, lakini unaijua ile hadithi ninayowapa wageni. Babu yako alikuwa fundi wa redio na amplifaya hapa hapa Mchangani, na sherehe za harusi za wanawake zilikuwa zikimtaabisha. Vyombo vyake, spika zake, lakini mwenyewe mwanamme, hawezi kuvuka pazia. Waya ukichomoka anaelekeza kwa kelele kutoka nje, washike ule mwekundu, na ndani mna waya nyekundu sita. Siku moja kachoka, akanipa sanduku la vifaa. "Ingia wewe, Zuhura," akaniambia. "Mikono unayo, na hakuna atakayekutoa." Nilikuwa na miaka kumi na sita. Mpaka leo kumbi za wanawake mjini hapa wananiita mimi.

Hapo wageni hufurahi, na mimi huishia hapo. Nisilowaambia ni kwamba harusi zilinifundisha kusikia namna moja tu. Ukumbi una wanawake mia tatu, vigelegele, watoto, sahani zinagongana, ngoma ya kidumbak inapigwa, na kila anayekujia anataka uongeze. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuniomba sauti ndogo. Nikazoea kwamba amplifaya ni kitu kinachofunguliwa mpaka mwisho au karibu na mwisho, na nikirudi karakanani nilivijaribu vyombo vyote kwa kiasi hicho hicho, hata redio ya mtu ya kusikilizia taarifa ya habari. Majirani walikoma kulalamika, wakahamisha vitanda tu.

Babu yako alipofariki nikanunua mashine ya kupimia mkwaruzo, ile ya kijivu iliyokuja na mzigo wa vitu vilivyotumika kutoka Dubai. Wewe ulikuwa darasa la pili. Nilivyokueleza wakati ule ndivyo ninavyoielewa hadi leo: unaitia amplifaya mlio mmoja ulio safi, na mashine inatazama kinachotoka upande wa pili, inakuambia kimeongezewa uchafu kiasi gani ambao haukuwamo. Uchafu huo ndio mkwaruzo. Namba ikiwa ndogo, chombo kizima. Ikiwa kubwa, fungua kifuniko. Mimi ambaye miaka nenda miaka rudi wanaume wa barazani walikuwa wakinambia mwanamke na umeme wapi na wapi, sasa nina namba. Nani atabishana na namba? Kichwa kilinivimba, Nasra. Kila amplifaya iliyotoka humu niliibandika karatasi yenye namba yake, na wateja wakaanza kuziuliza.

Ndipo akaja Bi Mgeni. Sidhani kama unamkumbuka: mwembamba, nadhifu, mwimbaji wa taarab wa siku zake, alikuwa akikaa chumba cha juu kule Malindi. Alikuwa na amplifaya moja ya zamani na kaseti za marehemu dada yake, aliyekuwa akiimba naye. Transista mbili ziliungua, nikambadilishia. Baada ya wiki akairudisha, kaifunga kwenye shuka.

"Zuhura mwanangu," akasema, "mna mchanga humu."

"Mchanga gani, Bi Mgeni?"

"Dada akiimba taratibu, sauti yake inapita kwenye mchanga. Akipandisha, mchanga unaondoka."

Yatazame maneno hayo. Mtu kanipa jibu zima mkononi, na kwa lugha nyepesi kuliko itakayotumiwa na waalimu wako. Mimi sikuyasikia, kwa sababu nilikuwa nimeshageukia mashine. Nikaifungua amplifaya kiasi cha harusi, nikapima, namba ikatoka ndogo, chini ya sehemu moja katika elfu. Nikamwonyesha. Akaitazama kwa adabu, akachukua chombo chake akaenda. Akarudi mara ya pili na maneno yale yale, nikapima tena vile vile. Mara ya tatu aliyokuja duka limejaa, benchi zima watu, nami nina njaa na vyombo viwili vya kupeleka Kikwajuni. Nikamwambia mbele yao: "Bi Mgeni, amplifaya haina kitu. Yaliyoingia mchanga ni masikio yako."

Watu wakacheka. Na mimi nilicheka. Bi Mgeni akafunga shuka lake mafundo mawili, akasema, "Haya mwanangu, huenda." Hakurudi tena.

Ilipita miaka mitano hivi. Mpwa wake akaniletea amplifaya ile ile, anataka kuiuza, nimtazamie kama nzima. Ilikuwa Ijumaa mchana, watu wamo msikitini, mtaa kimya kabisa. Kwa kuwaonea haya wanaosali nikaifungua kidogo tu, sauti ya kunong'ona, jambo ambalo sikuwahi kulifanya katika kazi yangu yote. Mchanga ukawamo. Kila neno la mwimbaji lilikuwa limekwaruzwa ukingoni, na nilipopandisha sauti, ukaondoka.

Sikuhitaji kufikiri sana. Ndani ya amplifaya za namna ile transista mbili zinapokezana: moja inausukuma mlio juu, ya pili inauvuta chini. Usipoziweka sawa, pale zinapopokezana hubaki pengo dogo. Mlio mkubwa unaliruka pengo hilo wala haulihisi. Mlio mdogo unaishi ndani yake. Nikaivuta mashine, nikapima kwa sauti ndogo, na namba ikapanda hadi nikaona aibu kuitazama. Aliyeziweka vibaya transista zile alikuwa mimi mwenyewe, siku ile nilipozibadilisha.

Na kwa nini Bi Mgeni alikuwa akisikiliza kwa sauti ndogo? Kwa sababu madirisha ya Malindi yanatazamana mtu na mtu, na yeye alikuwa akimsikiliza dada yake baada ya sala ya alfajiri, kabla mtaa haujaamka. Hilo kaniambia mpwa wake, nami nilipomuuliza kwa nini basi wanaiuza, akanijibu kwamba shangazi hasikii tena.

Niliirekebisha siku hiyo hiyo, nikaibeba mpaka Malindi, nikapanda zile ngazi. Nilimkuta kakaa kitandani anachambua mchele.

"Shikamoo, Bi Mgeni."

Hakuitikia. Nikasogea, nikarudia kwa nguvu.

"Marahaba. Nani wewe?"

"Zuhura. Fundi."

Ilinibidi nipaze sauti mpaka majirani wakatoa vichwa. Nikamwambia mchanga ulikuwamo, yeye alikuwa sahihi, kosa langu. Nilisema mara nne mpaka maneno yakamfikia. Akaacha mchele. "Ulikuwamo, eh," akasema. "Mimi nilijua nimeharibika mimi. Nikaacha kumsikiliza, maana nilikuwa nahisi namharibu." Nikaiweka kaseti. Nikapandisha, nikapandisha, nikafika kiasi cha harusi, na chumba chote kinatetemeka kwa sauti ya dada yake ikiwa safi kama siku iliporekodiwa. Bi Mgeni akaweka kidole juu ya kioo cha deki, pale kaseti inapozunguka. "Namwona anazunguka," akaniambia. Akarudi kwenye mchele wake.

Nililia ngazini, na unajua mimi si mliaji. Alikuwa na miaka yake miwili mitatu ya mwisho ya kumsikia dada yake, nami nikaipoteza kwa neno la kuchekesha benchi.

Sasa mwenye akili zake angetoka Malindi na funzo jepesi: kabla ya kupima, muulize mtu anasikiliza vipi, wapi, saa ngapi. Mimi nikatoka na funzo la kipumbavu. Nikaipandisha mashine juu ya kabati nikasema kuanzia leo ni masikio tu. Nikawa mtu wa "mimi nnasikia". Amplifaya hizi mpya nyepesi nikazikataa, nikasema kavu, hazina utamu. Yule bwana mwenye hoteli Kendwa aliponiita, kaweka waya mpya wa spika mnene kupita kidole gumba, akanambia Unguja nzima hajaona sikio kama langu, je, nasikia tofauti? Nikafumba macho. Nikaitikia kwa kichwa, nikamwambia sauti imefunguka. Sikusikia tofauti yoyote, Nasra. Mtu akishakusifia hivyo, kumwambia hamna kitu ni kazi. Na kila nilipodanganya mara moja, mara ya pili nilianza kuamini kwamba kweli nasikia.

Ndipo ukaja wewe na kanga zako. Siku ile tumefunga, sote tuna usingizi, na tunabishana juu ya amplifaya mpya ya ukumbini. Mimi nasema ile ya zamani ya babu yako ina sauti tamu zaidi. Wewe unasema zote zimepimwa, kwa sauti kubwa na ndogo, na mkwaruzo wake uko chini ya kile anachoweza kukisikia binadamu. Nikakwambia namba ilishanidanganya mara moja: nilipima chombo cha mteja kwa sauti ya harusi, na kasoro ikawa kwenye sauti ndogo. Ukanijibu, "Mama, haikukudanganya. Uliiuliza ya sauti kubwa, ikakujibu ya sauti kubwa." Hapo tayari nilikuwa nimekasirika, kwa sababu nililolitafuta tangu Malindi umelisema huku unapekua simu.

Ukazifunika zote mbili kwa kanga, ukakaa nyuma na swichi ya kuzibadilisha, nami nitaje ipi inayolia. Mwanzo nilipatia takriban zote, nikakucheka. Wewe ukapima ukubwa wa sauti, ukasema ya babu inapiga juu kidogo, kiasi ambacho mtu haoni kwamba ni kubwa, anaona tamu tu. Ukazisawazisha. Tukarudia mara ishirini. Nilipatia tisa. Mtu aliyeziba masikio kwa pamba angepata kumi.

Ukacheka. Sasa nnajua hukunicheka mimi. Ulifurahi kwamba jambo tulilobishania miezi limekubali kujibiwa kwa kanga mbili na swichi, nami mwenyewe nilikuwa nikicheka hivyo hivyo zamani, nikiwa na mashine yangu mpya. Lakini mlangoni walikuwa wamesimama wateja wawili, wanatazama. Nikakwambia, "Mtoto anayempima mama yake hana radhi zangu. Toka, na usinikanyagie karakana yangu." Kwetu neno la radhi halichezewi. Nilikuona ulivyobadilika uso. Ulikunja kanga zote mbili vizuri, ukaziweka mezani, ukatoka, na ilikuwa kama namtazama Bi Mgeni na shuka lake. Nilitaka kukuita. Sikukuita.

Sasa nikwambie nisilomwambia hata baba yako. Katikati ya ile mitihani yako uliweka wimbo wenye tari, ukaniuliza, "Mama, zile njuga za tari ziko wazi zaidi kwenye ya kwanza au ya pili?" Nikakujibu ya pili. Nasra, njuga zenyewe sikuzisikia. Si ya kwanza wala ya pili. Nilikuwa nimekaa mbele yako nikisema nasikia mkwaruzo mdogo usioonekana kwa mashine, na tari nzima inapigwa siisikii.

Wiki ya baada ya Idi nikenda kwa daktari peke yangu, nikasema nyumbani naenda kununua risasi ya kulehemu. Akanivisha vifaa vya masikioni, akanipigia mlio mmoja safi baada ya mmoja, nami nibonyeze kila ninaposikia. Nilikaa pale nikiwa chombo cha kupimwa, na nilitamani kubonyeza kwa kubahatisha, maana nilijua ukimya unaongezeka. Aliponionyesha karatasi yenye mstari wa usikivu wangu niliusoma mwenyewe kabla hajasema. Sikio la kushoto limekwisha kwa milio ya juu, na maneno ya watu yameanza kupotea. La kulia linafuata, polepole. Aliniuliza kazi yangu. Nikamwambia, na akauliza spika huwa upande gani. Miaka thelathini nimesimama kwenye kona yangu ya ukumbi, spika kushoto kwangu.

Kwa hivyo sikukufukuza kwa kosa lako lolote. Nilikufukuza kwa kuwa ulikuwa umebakisha kidogo tu uone kwamba fundi mwenye sikio, anayeitwa kila ukumbi, hasikii njuga. Niliogopa. Ukiniuliza niliogopa nini, ntakwambia niliogopa kukaa kitandani na kuchambua mchele wakati watu wananipigia kelele. Hapo si pahala pa kumlaumu mtoto, na mimi nilikulaumu.

Harusi ya Jumamosi nimeshawapigia simu. Nimewaambia vyombo ntaweka, lakini sauti ntaipanga kwa mashine, halafu ntapita kuwauliza wanawake waliokaa nyuma, katikati na mbele, wanasikiaje, na wakiniambia mna mchanga, ntaamini kuna mchanga mpaka niutafute. Mama wa bibi harusi kasema, "Zuhura, siku hizi umekuwa mpole." Nikamwacha aamini hivyo.

Kabla hatujagombana ulinionyesha wale wanaume wa mtandaoni wanaotukanana juu ya amplifaya, huyu na sifuri zake baada ya nukta, yule na masikio yake yasiyokosea. Nilicheka sana siku ile. Lakini mimi nimewahi kukaa pande zote mbili, na kila upande nilimuumiza mtu: nilipokuwa wa namba nilimuumiza Bi Mgeni, nilipokuwa wa masikio nikakuumiza wewe. Huko unakokwenda watakufundisha kupima vizuri kuliko mimi, na nnafurahi. Mimi sina la kuongeza juu ya hesabu yao. Ninachojua ni kwamba mara zote mbili nilikuwa na njaa na kulikuwa na watu wanaotazama, na nikaona bora nionekane najua.

Radhi zangu unazo, Nasra, zote, na ulikuwa nazo hata pale nilipokwambia huna. Namuomba Mungu anisamehe kwa kulitoa mdomoni neno kama lile. Na mimi nnaomba zako. Najua si desturi yetu mama kumuomba mtoto radhi, na shangazi zako wakisikia watanisema mwaka mzima, waache waniseme. Bi Mgeni nilimwendea na maneno mazuri, nikamkuta hawezi tena kuyasikia. Sitaki yawe hivyo kwetu, na safari hii anayepungukiwa masikio ni mimi.

Barua hii naiweka juu ya begi lako. Ukishaisoma njoo jikoni unijibu, hata kama jibu lenyewe ni kwamba bado una uchungu. Sema kwa sauti yako ya kawaida, usinipigie kelele. Kaa kulia kwangu tu, huko bado nnakusikia.

Mama yako,
Zuhura